Kyalami: Uwanja wa Mbio na Ibra Zake

Katika wasaa huu tuliojaaliwa, nimekusudia kuwachukueni safari ya kusini, mpaka Midrand, mji ulioko kati ya Johannesburg na Pretoria katika nchi ya Afrika Kusini, mahali ulipo uwanja wa mbio za magari uitwao Kyalami.

Huenda mtu akauliza: sisi tuna nini na uwanja wa mbio za magari? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake si refu. Vijana wetu wengi siku hizi hukaa mbele ya televisheni Jumapili nzima wakizifuata mbio za langalanga, yaani Formula One. Wanawajua madereva kwa majina, kwa rangi za magari na kwa nambari zao, na baadhi yao, ambao Mungu amewajaalia uwezo, wameanza kufunga safari za kwenda kuzuru viwanja vyenyewe. Lakini ukiwauliza viwanja hivyo viko wapi, watakutajia Italia, Uingereza, Ubelgiji na Monaco, ilhali katika bara hili letu upo uwanja uliopata kuwakusanya madereva bora wa dunia mwaka hadi mwaka, ukashuhudia ushindi mkubwa, misiba mikubwa na ushujaa usio kifani. Si vyema mgeni wa mbali aijue nyumba ya jirani yetu kuliko tunavyoijua sisi.

Kabla sijaingia uwanjani, natanguliza neno moja, ambalo nitalirudia kila tutakapofika kituo, ili likae nyoyoni. Neno lenyewe ni hili: anayezuru uwanja wa mbio asitosheke na kuuliza ni nani aliyeshinda, na aulize vile vile ni nani aliyeruhusiwa kuingia, ni nani aliyezuiliwa, na siku ile nje ya ukuta watu walikuwa katika hali gani. Maswali haya huenda pamoja, na mwenye kuuliza la kwanza akayaacha mengine huondoka na nusu ya habari.

Sasa tuanze. Uwanja wa mzunguko ni kitu gani? Sisi wa Afrika Mashariki tunazijua sana mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, ambazo gari hutoka mji huu likaenda mji ule, likapita katika vumbi, matope na mito, na mtazamaji akasimama kando ya barabara muda mrefu kwa ajili ya kuliona gari moja likipita kwa nukta chache tu, kisha likatoweka. Uwanja wa mzunguko una tabia nyingine. Hapo njia hujifunga, mwisho wake ukakutana na mwanzo wake, na gari lile lile, katika zama za Kyalami ya kale, lilipita mbele ya mtazamaji mara sabini na zaidi, kila mara likiwa jepesi kidogo kwa kuwa petroli inapungua, na tairi zake zikiwa zimechakaa kidogo zaidi. Kwa hiyo mtazamaji wa uwanja wa mzunguko hujifunza kuwalinganisha madereva: huyu anakanyaga breki mapema, yule anachelewa, huyu gari lake linayumba akitoka konani, yule limetulia. Ndiyo ladha ya mchezo huu, na ndiyo sababu mtu anayeketi mahali pamoja mchana kutwa haoni uchovu.

Bara letu halikuingia katika mbio hizi jana wala juzi. Mwaka 1934, huko East London, mji wa bandari ulioko pwani ya Bahari ya Hindi katika Afrika Kusini, katika njia iliyopewa jina la Prince George, palifanyika Grand Prix, yaani mbio kuu, ya kwanza ya nchi hiyo, na mshindi akawa Whitney Straight. Mwezi Oktoba 1958 ilikuwa zamu ya Morocco, katika njia ya Ain-Diab mjini Casablanca, ambako Stirling Moss alishinda mbio lakini Mike Hawthorn akautwaa ubingwa wa dunia, na dereva kijana, Stuart Lewis-Evans, akaungua katika ajali, akafariki siku chache baadaye. Kisha Desemba 1962 mbio za ubingwa zikafika East London, na ubingwa wa mwaka ule ukaamuliwa hapo hapo: Jim Clark alikuwa mbele, taji liko karibu na mkono wake, mara bolti moja ndogo ikafunguka, mafuta ya injini yakavuja, akalazimika kusimama, na Graham Hill akawa bingwa wa dunia. Hizo ndizo njia mbili zilizotangulia, Ain-Diab na East London. Ya tatu, nayo ndiyo ya mwisho mpaka leo, ni Kyalami.

Kyalami ilifunguliwa mwaka 1961, na mapema kabisa ikawa makao ya mbio za saa tisa, ambazo madereva hupokezana usukani mpaka giza likaingia na taa zikawashwa. Mbio za ubingwa wa dunia zikahamia hapo mwaka 1967. Njia ya kale ilikuwa na urefu wa kilomita nne na kidogo, na sifa yake kubwa ilikuwa mteremko mrefu ulionyooka, uliopita mbele ya majukwaa na kuyashusha magari kwa kasi ya kutisha mpaka kwenye kona ya Crowthorne, ambako dereva alipaswa kukata shauri kwa kufumba na kufumbua. Baada ya hapo zilifuata kona za Barbecue na Jukskei, ambazo zilidai moyo mkuu, kisha Sunset, Clubhouse, na nyinginezo, mpaka Leeukop iliyomrudisha dereva kwenye mteremko ule ule.

Lakini liko jambo jingine la Kyalami ambalo jicho halilioni. Uwanja ule uko juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ninyi wa Mombasa mnaokwenda Nairobi, na ninyi wa Dar es Salaam mliopata kupanda nyanda za juu, mnajua kwamba mtu wa pwani akipanda ngazi huko bara pumzi humwishia upesi kuliko kwao. Injini nayo hupumua. Huvuta hewa ili ichome petroli, na hewa ikiwa nyepesi, nguvu hupungua. Ndipo mafundi wa Renault, waliokuwa wameunda injini ya tabo, yaani injini inayosukumiwa hewa kwa nguvu badala ya kuivuta tu, wakaona kwamba Kyalami ndipo mahali pa kuwanyamazisha waliowacheka. Mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille akapata hapo nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa injini ya tabo katika historia ya Formula One; mwaka uliofuata René Arnoux akashinda mbio zenyewe hapo hapo. Leo magari yote ya langalanga yanatumia tabo. Ukisimama Kyalami, umesimama mahali ambapo mwinuko uliwasaidia mafundi kuithibitisha hoja yao.

Na washindi je? Tukiwataja wote saa itatukimbia, basi tuchague wachache. Mwaka 1967, mbio za kwanza za ubingwa uwanjani hapo, mtu mmoja wa kusini mwa Afrika, John Love, aliyetoka nchi iliyoitwa Rhodesia wakati ule na leo ni Zimbabwe, akiendesha gari lililokwisha kupitwa na wakati, aliwaongoza mabingwa wa dunia, na laiti asingalilazimika kusimama kuongeza petroli mizunguko michache kabla ya mwisho, angalishinda. Alimaliza wa pili, nyuma ya Pedro Rodríguez wa Mexico. Mwaka uliofuata, siku ya mwaka mpya wa 1968, Jim Clark alishinda kwa mara ya 25, akaivuka rekodi ya Juan Manuel Fangio aliyekuwa na 24. Hakuna aliyejua kwamba huo ndio ushindi wake wa mwisho katika mbio za ubingwa, kwani mwezi Aprili mwaka ule ule alifariki huko Hockenheim, Ujerumani. Na mwaka 1975 Jody Scheckter, kijana wa East London, alishinda nyumbani kwao, na mpaka leo ndiye mwana wa Afrika Kusini pekee aliyeishinda Grand Prix ya nchi yake katika zama za ubingwa wa dunia.

Sasa, wasikilizaji wangu, tufike kwenye habari za misiba na ushujaa, kwani asiyezijua habari hizi hajaijua Kyalami. Mwaka 1973 magari mawili yaligongana, la Clay Regazzoni na la Mike Hailwood. Gari la Regazzoni likashika moto, mwenyewe akiwa ndani amepoteza fahamu. Hailwood, ambaye alikuwa amekwisha kuokoka, hakukimbia. Alirudi motoni, nguo zake zikashika moto, zikazimwa, akarudi tena, mpaka mwenziwe akatolewa hai. Uingereza ilimtunuku nishani ya George. Je, nani alishinda siku ile? Alikuwa Jackie Stewart. Lakini mwaka ule wa 1973 hukumbukwa zaidi kwa mtu ambaye hakumaliza mbio, naye ni Hailwood.

Mwaka 1974, katika majaribio kabla ya siku ya mbio, Peter Revson wa Marekani alipoteza maisha hapo Kyalami baada ya gari lake kuharibika likiwa katika kasi. Na mwezi Machi 1977 ulitokea msiba ambao hata leo ni mzito kuusimulia. Gari moja lilisimama kando ya mteremko ule mrefu, likawaka moto mdogo. Wahudumu wawili walivuka njia kwenda kuuzima. Mmoja wao, Frederik Jansen van Vuuren, kijana wa miaka 19, alikuwa amebeba mtungi wa kuzimia moto. Njia pale ilikuwa na kilele kidogo kinachoficha kilicho mbele, na Tom Pryce, dereva wa Wales, akatokea kwa kasi, nafasi ya kukwepa hakuna. Wote wawili walifariki papo hapo: kijana kwa kugongwa na gari, dereva kwa kupigwa na mtungi. Siku ile Niki Lauda alishinda, ukiwa ushindi wake wa kwanza tangu aungue vibaya mwaka uliotangulia huko Nürburgring. Lakini ushindi wake haukuweza kushangiliwa kama inavyostahili.

Natua hapa kidogo. Mnapokwenda uwanja wowote wa mbio, muwatazame wale watu wenye bendera na mitungi wanaosimama kando ya njia. Aghalabu ni watu wa kujitolea. Majina yao hayaandikwi katika vitabu vya washindi, ilhali usalama wa kila dereva uko mikononi mwao. Mkiwaona, wapeni heshima yao.

Tumesema habari za walioshinda na habari za waliokufa. Sasa turudi kwenye neno nililolitanguliza: ni nani aliyeruhusiwa kuingia?

Kyalami ilijengwa katika nchi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1953, mwaka ule ule Safari ilipoanza kwetu, Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya kutenga huduma za umma, iliyowatenga watu kwa rangi zao katika milango, mabenchi, mabasi na fukwe, na tena ikasema waziwazi kwamba si lazima huduma hizo ziwe sawa. Michezo haikuwa nje ya dhulma hiyo. Katika madereva wa Afrika Kusini waliopanga mstari Kyalami kwa ajili ya mbio za ubingwa, humpati hata mmoja aliyekuwa mweusi. Je, ni kwa sababu hapakuwa na vijana weusi wenye macho makali na mikono mepesi? Hasha! Ni kwa sababu kipaji hakifunguki mahali ambapo mlango umefungwa kwa sheria.

Tuutazame mwaka 1979. Mwezi Machi, watu walikusanyika Kyalami kuwashangilia Gilles Villeneuve na Jody Scheckter wa Ferrari, waliomaliza wa kwanza na wa pili. Na baadaye mwaka huo Scheckter akawa bingwa wa dunia, Mwafrika wa kwanza kulipata taji hilo. Lakini tarehe 6 Aprili ya mwaka ule ule, Pretoria, mwendo mfupi tu wa gari kutoka uwanjani, kijana mpigania uhuru, Solomon Mahlangu, alinyongwa na serikali ya ubaguzi. Jina lake sisi Watanzania tunalijua vyema, kwani shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini iliyojengwa Mazimbu, Morogoro, ilipewa jina hilo. Wakati wageni kutoka Ulaya wakisafiri kwenda kutazama mbio Kyalami, wana wa nchi ile walikuwa wakisoma Morogoro kwa sababu nchini kwao hawakuwa na amani. Hayo ni mambo ya wakati mmoja na ya watu wa nchi moja, na mwenye insafu huyakumbuka yote mawili.

Mwaka 1982 ulikuja na kisa kingine. Madereva, wakiongozwa na Niki Lauda na Didier Pironi, waligoma kwa sababu ya masharti ya leseni mpya yaliyowafunga kwa timu zao. Walipanda basi, wakaondoka uwanjani, wakajifungia hotelini Johannesburg, wakalala pamoja ukumbini juu ya magodoro, na wenzao Elio de Angelis na Gilles Villeneuve wakawapigia piano ili kuwachangamsha. Kesho yake mapatano yalipatikana, mbio zikafanyika, na Alain Prost, aliyepata pancha akarudi nyuma sana, akawapita wote akashinda. Kisa hiki husimuliwa kwa furaha, na kweli kina mafunzo ya umoja. Lakini mzuru mwenye fikra atajiuliza: wafanyakazi weusi wa migodi na viwanda vya Johannesburg, walipogoma katika miaka ile ile, walijibiwa kwa mapatano ya siku moja? Tunajua kwamba aghalabu walijibiwa kwa kufukuzwa kazi na kwa marungu ya polisi.

Tuje mwaka 1985. Tangu mwezi Julai serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari katika sehemu nyingi za nchi; mitaa ya watu weusi ilikuwa inawaka. Duniani kote watu walikuwa wakizishauri timu zisiende. Timu mbili za Ufaransa, Renault na Ligier, hazikwenda, na baadhi ya makampuni yaliondoa majina yao ubavuni mwa magari. Timu nyingine zilikwenda. Ijumaa tarehe 18 Oktoba, mshairi Benjamin Moloise alinyongwa Pretoria, ingawa mataifa yalimwombea. Jumamosi tarehe 19, injini ziliwashwa Kyalami na Nigel Mansell akashinda. Mashairi yana heshima kubwa katika mila zetu sisi watu wa Uswahilini, basi hebu tufikiri: siku moja mshairi ananyongwa, siku ya pili yake bendera ya miraba inapepea. Baada ya hapo hata wakuu wa mchezo waliona kwamba haiwezekani tena, na Formula One ikakaa miaka sita bila kurudi.

Ilirudi mwaka 1992, baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani na milango ya dunia kuanza kufunguka. Lakini Kyalami iliyowapokea madereva haikuwa ile ya kale. Sehemu ya ardhi ilikuwa imeuzwa kwa ujenzi, mteremko mrefu umeachwa nje, na njia mpya imetengenezwa, ikibakiza kipande kidogo tu cha njia ya asili. Mansell akashinda mwaka 1992. Na tarehe 14 Machi 1993, Alain Prost akashinda mbele ya Ayrton Senna, siku ambayo mvua ya radi ilishuka mwishoni na magari mengi yalikuwa yamekwisha kutoka njiani. Fedha zikawashinda waandaaji, na mbio hazikurudi tena.

Sasa sikilizeni vyema, kwani hapa ndipo lilipo jambo kubwa la mazungumzo yetu. Uchaguzi wa kwanza ambao wananchi wote wa Afrika Kusini waliruhusiwa kupiga kura ulifanyika mwezi Aprili 1994. Mbio za mwisho za Formula One Kyalami zilifanyika mwezi Machi 1993. Maana yake ni nini? Ni kwamba Grand Prix zote 20 za ubingwa zilizofanyika uwanjani pale, pamoja na zote tatu za East London zilizotangulia, zilifanyika katika nchi ambayo walio wengi hawakuwa na kura. Narudia: zote, bila kubakiza hata moja. Afrika Kusini huru haijapata kuiona Formula One ardhini mwake. Wale wanaosema kwamba mbio hizi ziliihama Afrika Kusini husahau kwamba kwa wananchi walio wengi hazijapata kufika kamwe.

Na leo Kyalami iko katika hali gani? Mwaka 2014 uwanja ulipigwa mnada, na watu wengi wakahofia kwamba utageuzwa nyumba na maduka. Toby Venter, mfanyabiashara wa magari, akaununua kwa randi milioni 205, akaukarabati na kuurefusha hadi kilomita 4.522. Baadhi ya majina ya kale yamehifadhiwa, Crowthorne, Sunset, Clubhouse na Leeukop, na mapya yameongezwa, kama Mineshaft, mteremko mkali ambao peke yake unatosha kumfanya mgeni aelewe kwa nini madereva wanaipenda Kyalami. Mbio za saa tisa zilirudishwa mwaka 2019.

Kwa wale wenye nia ya kwenda, nina nasaha chache. Kwanza, uwanja ni mali ya mtu binafsi na haufunguliwi kila siku kwa kila apitaye. Ulizeni mapema siku za mbio na maonyesho kabla ya kukata tiketi ya ndege. Pili, kutoka uwanja wa ndege wa Johannesburg iko treni ya Gautrain, ambayo kwa kubadilisha njiani itawafikisha stesheni ya Midrand, na hapo mtachukua teksi. Tatu, chukueni kofia, kwani jua la nyanda za juu huchoma hata kukiwa na baridi. Na mkienda katika miezi ya mvua, kati ya Novemba na Machi, chukueni na koti, kwa kuwa mvua ya radi hupenda kushuka alasiri. Nne, kingeni masikio, hasa ya watoto. Na tano, msikae mahali pamoja tu: tembeeni, mkatazame magari yanavyoshuka Mineshaft na yanavyopanda kutoka huko, kwani televisheni hulaza milima, na asiyefika hajui njia ile imeinuka kiasi gani.

La sita ni kubwa kuliko hayo yote. Mkiwa Johannesburg, siku ya pili nendeni mkaitazame Makumbusho ya Apartheid. Pale mlangoni, mgeni hupewa tiketi inayomtaja kuwa mweupe au asiye mweupe, bila kujali rangi yake, na huingia kwa mlango wa tiketi hiyo. Jambo lile la nukta chache litakufundisheni mengi zaidi kuhusu majukwaa ya Kyalami ya kale kuliko maneno yangu yote ya leo.

Mwisho, yako mazungumzo siku hizi kwamba Formula One irudi Afrika. Lewis Hamilton, bingwa mara saba, amelisema jambo hilo hadharani mara nyingi. Desemba 2024 Rais Paul Kagame alitangaza mjini Kigali kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio hizo. Mwaka 2025 mipango ya kuifanyia Kyalami marekebisho ili ifikie daraja la juu kabisa ilikubaliwa na FIA, chama kikuu cha mchezo huu. Mimi sina ugomvi na Kigali wala na Midrand. Popote zitakapofanyika, Mwafrika atakuwa na haki ya kufurahi.

Lakini furaha yetu iwe na macho. Siku hiyo ikifika, tusiulize tu kona zina kasi gani na mgeni gani mashuhuri amealikwa. Tuulize tiketi ya bei ya chini mtoto wa fundi gereji ataimudu? Tuulize vijana wetu, wa kike na wa kiume, wamefunguliwa mlango wa kujifunza uhandisi, utengenezaji na uendeshaji, au wameitwa kuja kupiga makofi tu? Tuulize na serikali itakayotupokea inawatendeaje raia wake siku ambazo mbio hazipo. Anayezipenda mbio kweli kweli ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuuliza maswali haya, kwa sababu mchezo anaoupenda ndio uliotumiwa wakati ule kuipamba dhulma, na ni wajibu wake kuhakikisha hautumiwi hivyo tena.

Nendeni Kyalami, wasikilizaji wangu, mwenye uwezo wa kwenda na aende. Shangilieni kasi, kwani kasi ni nzuri. Wakumbukeni Clark na Love, Hailwood aliyeingia motoni, Pryce na yule kijana wa miaka 19. Wakumbukeni pia waliokuwa nje ya ukuta.